Marehemu wa Arobaini na Moja

Ilikuwako nchi moja kando ya bahari, na kama ingaliko basi Mungu aihurumie. Jina lake halina haja. Wenyewe waliiita Nchi Yetu Tulivu, na mtu akiuliza utulivu wenyewe uko wapi, alipelekwa mahali patulivu zaidi, akakaa huko mpaka akauona.

Nchi ile ilipenda kujifunza. Mwaka mmoja zikafika habari kwamba katika visiwa vya mbali, upande unakochomoza jua, ardhi ilitetemeka mpaka minara ikainama, bahari ikapanda juu ya mapaa, na hata hivyo waliokufa walikuwa watu saba. Na huku kwa jirani, ng'ambo tu ya mlango wa bahari, tetemeko la nusu ya lile lilikuwa limeua watu elfu tatu. Mtukufu Mlezi wa Taifa akastaajabu. Akatuma ujumbe wa waheshimiwa ishirini na wanne, pamoja na wake zao, waende visiwani wakaone siri ni nini.

Wakaenda, wakakaa wiki tano. Wakaonyeshwa ukuta wa kuzuia mawimbi, wakapiga picha mbele yake. Wakaonyeshwa watoto wa shule wakishikana mikono na kupanda kilima, wakapiga makofi. Wakaonyeshwa king'ora cha hatari, wakaomba kisilizwe, kwani mheshimiwa mmoja alikuwa na presha. Wakarudi na kofia ngumu za njano, kila mtu na yake, na ripoti ya kurasa mia tatu iliyosomwa bungeni kwa ufupi.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri wa Maafa, "tumegundua kwamba nchi iliyojiandaa vizuri ni ile yenye vifo vichache. Na sisi sasa tujiandae. Tuwe na vifo vichache."

Wabunge wakapiga meza. Siku hiyohiyo ikapita Sheria ya Ukomo wa Maafa: balaa lolote litakaloingia nchini lisizidi watu arobaini. Mbunge mmoja mkongwe aliuliza kwa nini arobaini, akajibiwa kwamba hiyo ni namba yenye heshima zake, hata hitima ya marehemu husomwa siku ya arobaini. Hakuna aliyebisha. Ukuta na king'ora vikaachiwa kamati ndogo, nayo mpaka leo haijatimiza akidi.

Bi Somoe hakuyajua hayo yote. Yeye alijua nyumba yake, ya tatu kutoka mashamba ya chumvi, na alimjua mumewe Mwinyimvua, aliyekwangua chumvi katika mashamba hayo kwa miaka thelathini. Mungu hakuwajalia mtoto. Chumvi ilikuwa imempasua Mwinyimvua visigino, nyufa ndefu ungeweza kuficha punje ya mtama ndani yake, na kila jioni Bi Somoe alivipaka mafuta ya nazi.

"Taratibu, mke wangu," Mwinyimvua alikuwa akilalama. "Huo ni mguu, si sufuria."

"Ungekuwa sufuria ungekwisha kung'aa."

Basi Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Bi Somoe amekaa na ungo anapepeta mchele, ardhi ikatikisika. Mchele ukaruka wenyewe. Ukuta wa jikoni ukafunguka kama mlango. Alipotoka nje akaona maji ya bahari yanarudi nyuma, yanakwenda, yanakwenda, yanaacha samaki wakirukaruka juu ya tope. Redio ya jirani ikasema wananchi waendelee na shughuli zao, tetemeko limedhibitiwa.

Akamwita mumewe kwa sauti yote aliyopewa na Mola. Mwinyimvua, kule kwenye chumvi, akainua reki yake akaielekeza mlimani: panda, nakuja. Kisha akageuka kumvuta mwenzake aliyekwama kwenye tope. Bi Somoe akapanda. Alipofika juu akatazama nyuma, na mashamba ya chumvi hayakuwapo.

Bahari ilikuja mara tatu.

* * *

Hotuba ya Mtukufu ilipangwa Ijumaa, saa kumi jioni, na ilikuwa imekwisha kuchapwa. Ilisema: "Tumepoteza ndugu zetu arobaini." Kumbe hadi adhuhuri ya siku hiyo zilikuwa zimepatikana maiti thelathini na tisa tu.

Bwana Ngwatu, Mkurugenzi wa Ukomo wa Maafa, akatokwa na jasho. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia yake ya njano, ambayo hakuivua hata ofisini. "Mtukufu hawezi kusema uongo mbele ya taifa," aliwaambia makarani. "Nitafutieni mmoja."

Wakatafuta. Wakamkuta mwanamke analia, mumewe Salumu Dege, muuza maji wa mkokoteni, hajaonekana tangu Jumanne, na shati lake limekutwa juu ya mti. Shati likatosha. Salumu akaandikwa wa arobaini, orodha ikapigwa muhuri, ikafungwa. Makaburi arobaini yalikuwa yamekwisha kuchimbwa kwa trekta, yamepangwa safu kama madawati ya shule, na katika la mwisho wakafukia mchanga mtupu, wakasimamisha jiwe lenye jina la Salumu. Jioni Mtukufu akaonekana kwenye runinga akifuta chozi, na nchi za nje zikatuma pongezi kwa uchache wa vifo.

Jumamosi alfajiri bahari ikaanza kurudisha watu.

Iliwarudisha polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima shughulini. Mpaka Jumatatu walikuwa sitini na watatu. Wakapelekwa kwenye ghala la barafu la samaki, kwa kuwa hospitali ilikuwa imepokea amri kwamba marehemu wamekwisha.

Bi Somoe alimtambua wake kwa visigino. Uso ulikuwa umevimba, lakini nyufa zilikuwa zilezile. Akapiga magoti juu ya sakafu ya barafu, akaishika ile miguu, akasema yanayosemwa: sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Kisha akamgeukia mlinzi wa ghala, mtu mzima aitwaye Mfaume.

"Kaka, nimekuja kumchukua mume wangu nikamwoshe."

Mfaume akakuna shingo. "Dada yangu, pole. Pole sana. Ila mimi kitabu changu hiki cha kutolea mzigo kina sehemu ya samaki tu. Na huko makaburini askari wanahesabu kila asubuhi. Yakizidi arobaini, ni kosa la kuchafua takwimu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nenda kwa Mkurugenzi. Au," akashusha sauti, "niandike samaki. Samaki mmoja, mkubwa. Utoke naye, mimi sijaona kitu."

Bi Somoe akasimama wima. Tangu azaliwe hakuwahi kutia mkono wake kwenye uongo. "Mume wangu si samaki, Kaka Mfaume. Ni Mwislamu."

* * *

Alikuwa amehamia kwa wifi yake Hidaya, dada wa Mwinyimvua, juu mlimani. Uani kwa Hidaya palikuwa na mkunazi, na majani ya mkunazi ndiyo yanayotiwa katika maji ya kuoshea maiti. Kila asubuhi Bi Somoe alichuma majani mabichi, akayafunga pamoja na sanda, kafuri na kipande cha udi, akashuka mjini na bahasha yake ya kitambaa. Kila jioni alirudi, majani yamenyauka, akayatupa.

Kwa sheria ya dini alikuwa ndani ya eda, siku mia na thelathini za mjane, na mwenye eda hutulia nyumbani, hazururi. Lakini kwa sheria ya nchi hakuwa mjane. Basi akawa anatembea katikati ya sheria mbili, kichwa ameinamisha, anaomba msamaha kwa moja kila anapoitii nyingine.

Bwana Ngwatu alimpokea siku ya nne ya kupanga foleni.

"Mama, nimelisoma jalada lako. Mumeo hajafa. Amechelewa."

"Amechelewa wapi, baba, na mimi nimemwona amelala kwenye barafu?"

"Amechelewa kufa. Orodha ilifungwa Ijumaa saa kumi. Yeye amejitokeza Jumamosi. Kiserikali tunamwita Mchelewaji."

"Alikufa Jumanne. Bahari ndiyo iliyochelewa kumleta."

"Hapo sasa," alisema Bwana Ngwatu, akafurahi kwa kuwa amepata hoja, "malalamiko dhidi ya bahari yanapokelewa wizara nyingine."

Akampa karatasi. Ilikuwa Fomu ya Kukiri Kuchelewa, na chini kabisa palikuwa na mahali pa sahihi ya mchelewaji mwenyewe.

"Asaini mwenyewe?"

"Au dole gumba. Serikali haina ubaguzi wa elimu."

Bi Somoe akaikunja ile fomu mara nne, akaitia katika bahasha, juu ya sanda. Nje akaketi kwenye ngazi. Wanawake wengine walikuwa wameketi pale, kila mmoja na bahasha yake, na harufu ya kafuri ilikuwa imejaa mbele ya ofisi ile hata makarani wakawa wanafunga madirisha.

* * *

Siku ya kumi na moja, Salumu Dege alirudi mjini anapiga mluzi.

Kumbe Jumatatu, siku moja kabla ya mawimbi, alikuwa amekwenda bara kuoa mke wa pili kwa siri, na shati lile alikuwa ameliacha limeanikwa. Alipofika sokoni watu wakakimbia. Mwanamke mmoja akamrushia nyanya, akitaka kuona kama itapita katikati yake. Haikupita. Mkewe wa kwanza alimkumbatia, akalia, kisha akasikia habari ya harusi, akatamani orodha iachwe ilivyo.

Salumu akaenda kwa Bwana Ngwatu kuomba afutwe.

"Haiwezekani," alisema Bwana Ngwatu. "Wewe ni marehemu. Kaa utulie."

"Lakini mzee, si unaniona?"

"Kuona ni kwangu binafsi. Kiofisi sikuoni. Mtukufu amekulilia kwenye runinga, taifa zima limeshuhudia. Sasa unataka Mtukufu awe amelia bure?"

"Basi nifanyeje?"

"Ungekuwa mzalendo ungejua la kufanya."

Salumu, masikini, akatoka mbio. Lakini maneno hayana mlango. Jioni ile mji wote ulijua kwamba kati ya marehemu arobaini, mmoja yuko hai, na nafasi yake iko wazi. Wafiwa wa wale sitini na watatu wakasimama mbele ya ofisi na bahasha zao, wala hawakupiga kelele. Ukimya ule ulimtia Bwana Ngwatu hofu kuliko kelele. Kesho yake likabandikwa tangazo:

NAFASI MOJA YA MAREHEMU. Waombaji wawe wamefariki kwa maji au kwa kuangukiwa. Wenye sifa zaidi watapewa kipaumbele. Usaili utafanyika Alhamisi. Waombaji waje nadhifu.

Hidaya alilisoma tangazo lile mara tatu. "Wifi, watu hawa wana akili?"

"Akili wanazo," alisema Bi Somoe. "Hivi ndivyo wanavyozitumia." Usiku huo alisali rakaa mbili akamwomba Mola jambo ambalo hakuwahi kudhani mtu angeliomba: mumewe akubaliwe kuwa maiti.

* * *

Kamati ya usaili ilikuwa na watu watatu, wote wana kofia za njano. Katikati alikaa Bwana Ngwatu.

"Jina la marehemu mtarajiwa?"

"Mwinyimvua bin Haji."

"Elimu yake?"

"Chuo cha Kurani, na darasa la nne."

"Uzoefu?"

"Wa kazi gani, baba?"

"Wa hii anayoomba."

Bi Somoe akafikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujibu kweli. "Hajapata kufa kabla ya hapo. Hii ndiyo mara yake ya kwanza."

Wakatazamana, wakaandika: Hana uzoefu.

Yule wa kulia, mnene, akauliza, "Akikubaliwa anaweza kuanza lini?"

"Alianza Jumanne ile."

"Bila kibali?"

Wakaliandika na hilo.

"Swali la mwisho, mama. Kwa nini unadhani mumeo anafaa kuliko waombaji wengine sitini na wawili?"

Mlango ulikuwa wazi. Aliwaona wenzake kwenye benchi. Wa kwanza alikuwa na bahasha ndogo sana, sanda ya mtoto haihitaji kitambaa kingi, ameipakata mapajani na kuitikisa taratibu bila mwenyewe kujua.

"Simwombei awashinde wenzake," alisema. "Wote wamekufa sawasawa. Mimi naomba azikwe tu. Siku za barafu zimekuwa nyingi. Ana miguu mibovu, baridi haimfai."

Yule mnene akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapo umejipunguzia alama, mama. Mwombaji anatakiwa ajiamini."

Matokeo yakatoka Jumapili. Nafasi ilipewa mjomba wa Waziri wa Maafa, Mzee Kilindo, wa mji mmoja wa bara, mwendo wa siku mbili kutoka pwani, ambako bahari wanaisikia tu. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akitundika picha ya Mtukufu ukutani. Kamati ilieleza kwamba alianguka ndani ya kipindi husika, na kwamba kuanguka ni ndugu wa kuangukiwa. Akazikwa kwao kwa mizinga. Jiwe la kaburi la arobaini pwani lingebadilishwa jina fundi akipata nafasi.

Salumu Dege naye akapewa Kibali cha Uhai cha Muda, cha miezi sita.

Bi Somoe alilisoma lile jina ubaoni, akarudi juu mlimani, akaenda uani. Mkunazi ulikuwa umebaki mifupa. Upande wote wa chini ulikuwa umechumwa, na upande wa juu umebaki tawi moja tu lenye majani. Akalitazama tawi lile kwa muda mrefu. Ndipo akalia, na kilio chake kilikuwa kile cha mtu aliyekuwa amekibana siku kumi na tisa. Hidaya alimshikilia, hakumwambia nyamaza.

* * *

Asubuhi yake Mfaume, mlinzi wa ghala, alipanda mlimani mwenyewe, anahema.

"Dada Somoe, mashine ya barafu imekufa. Fundi anasema vifaa viko bandarini, na bandari ndiyo iliyokwenda na maji. Mpaka kesho..." Akavua kofia yake akaikamua kama nguo iliyolowa. "Mimi pia nina mama yangu mzazi mle ndani. Namba ishirini na nane. Nilikuwa sijakwambia."

Bi Somoe akaenda uani, akavuta lile tawi la mwisho, akachuma majani yote.

"Kaburi litatoka wapi?" aliuliza Hidaya. "Askari wanahesabu."

"Lipo langu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Salumu Dege. Tangu arudi alikuwa akilala kwenye mkokoteni wake wa maji, kwa kuwa mke wa kwanza alikuwa amemfukuza na wa pili alikuwa amesikia kwamba ni marehemu. Alikuwa amemsindikiza Mfaume mlimani.

"Bi Mkubwa, kaburi langu liko tupu. Jiwe bado lina jina langu, mchanga wake laini. Tukimtia, tukarudisha mchanga, askari atahesabu arobaini zake kama kawaida. Mimi sina cha kulifanyia. Nilikuwa nakula harusi, watu wanazama. Angalau kaburi langu limfae mtu."

Wakashuka. Ghalani Mfaume akafungua kitabu cha kutolea mzigo, akamsogezea Bi Somoe kalamu, na uso akaugeuzia ukutani ili asimtazame.

Palikuwa na mistari mitatu. Aina ya mzigo. Idadi. Sahihi ya mwenye mzigo.

Mkono wa Bi Somoe ulikuwa na mwandiko wa shule ya msingi, wa herufi za duara, zilizosimama vizuri. Akaandika: Samaki. Akaandika: mmoja. Alipofika kwenye sahihi akasita, machozi yakadondokea karatasi, wino ukaenea. Mfaume akasema huku bado ametazama ukuta, "Hata samaki wa Nabii Yunus alimhifadhi mtu, dada."

"Alimhifadhi," alisema Bi Somoe. "Lakini Yunus mwenyewe hakuitwa samaki." Akatia sahihi.

Wakampakia juu ya mkokoteni wa maji, wakamfunika magunia mabichi kama wanavyofunikwa samaki. Salumu akavuta, Mfaume akasukuma, Bi Somoe akatembea ubavuni na mkono wake juu ya magunia, pale ilipokuwa miguu. Sokoni mtu mmoja akauliza, "Samaki gani huyo, mkubwa hivyo?" Akauona uso wa Bi Somoe, akavua kofia. Na wa pili akavua. Wakashika njia ya mlimani katikati ya watu walionyamaza.

Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe. Bi Somoe alimwosha yeye, Hidaya akimmiminia maji yenye majani ya mkunazi, ya mwisho yakiwa na kafuri. Alipofika kwenye visigino aliviosha taratibu, ufa baada ya ufa, akatoa chumvi iliyokuwa ndani.

"Taratibu," alimwambia. "Najua. Si sufuria."

Sheikh Mbaruku akaja na wanaume wachache, wakamsalia uani. Sheikh alikuwa ameitwa mara mbili na kuonywa kuhusu takwimu, lakini alinyanyua mikono akapiga takbira. Baada ya adhuhuri, askari wengine wakiwa wamekwenda kula, jeneza lilifika makaburini. Askari mmoja tu alibaki getini, na daftari lake.

"Mnakwenda wapi na hilo?"

"Nakuja kutengeneza kaburi langu," alisema Salumu.

"Jina?"

"Salumu Dege." Akatoa kibali chake.

Askari akakagua kibali, akatembea hadi kaburi la arobaini, akasoma jiwe, akarudi. "Sawa, ni lako. Na hilo jeneza?"

"Ndilo nililolikosa mara ya kwanza."

Askari akafikiri. Alikuwa mwenyeji wa mtaa wa chini yeye mwenyewe. Akaandika katika daftari lake: Makaburi arobaini, yote salama. Akageuka akatazama bahari mpaka wakamaliza.

Jioni Sheikh alipita kumpa mkono wa pole. Bi Somoe, nyuma ya pazia, akamuuliza kama dhambi ya neno moja alilolitia kitabuni inafutika.

"Atakayeulizwa ni aliyekulazimisha, Bi Somoe."

"Na mimi nitaulizwa, Sheikh. Nitasema, Mola wangu, ulikuwapo, uliona kalamu ilikuwa ya nani."

* * *

Alfajiri ya pili, wafiwa wa wale sitini na wawili waliobaki walisimama mbele ya ghala. Mfaume alifungua kitabu chake. Wa kwanza alikuwa na bahasha ndogo; aliandika: Samaki, mmoja, mdogo. Mtoto huyo na wengine walizikwa katika mashamba ya chumvi, ambako hakuna aliyeweka askari wa kuhesabu, na Mfaume alimzika mama yake mwishoni kabisa.

Kitabu kile kilikwenda wizarani kama desturi. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwa furaha kwamba bahari imepona kabisa: ndani ya siku mbili tu ghala moja la pwani limetoa samaki sitini na watatu wenye ukubwa usiowahi kuonekana. Mtukufu akawapongeza wananchi kwa kurudi kazini mapema. Na vile visiwa vya mbali, viliposikia kwamba nchi iliyokumbwa na mawimbi yale imepoteza watu arobaini tu, vikatuma ujumbe uje kujifunza. Wakapokewa kwa ngoma, wakapewa kofia za njano.

Siku ya arobaini ikasomwa hitima kubwa makaburini. Mtukufu alikuwapo, wageni walikuwapo, vipaza sauti vilifungwa hadi mlimani. Bi Somoe alikuwa ndani kwa Hidaya, amekaa eda yake, mlango umeegeshwa. Sauti ya Bwana Ngwatu ilimfikia ikisoma majina, na baada ya kila jina watu wakiitikia amina, amina ya kawaida, ya watu walio juani.

"Wa arobaini," ilisema ile sauti. "Mzee Kilindo, mjomba wa Mheshimiwa Waziri."

Kukawa kimya, kama bahari ilivyokuwa kimya ilipokuwa inarudi nyuma. Kisha mji wote ukaitikia. Waliitikia waume waliokuwa wamezika wake zao kwenye chumvi, na mama wa yule samaki mdogo, na Mfaume, na Salumu Dege aliyekuwa na kibali, na askari wa getini. Amina ile ilipanda mpaka mlimani, ikagonga mlango. Wanasema Mtukufu alimwinamia Waziri akamwambia, "Kumbe mjomba wako alipendwa hivi!" Na mgeni mmoja wa visiwani, mwanamke wa makamo, alimuuliza mkalimani wake kama watu wote hawa wanamlilia mtu mmoja, na mkalimani akavua miwani akaifuta.

Ndani, Bi Somoe alisema amina yake kwa sauti ya chini. Uani, Hidaya alikuwa akimwagilia mkunazi. Bi Somoe akaurudisha mkono kwenye tasbihi, akarudi kwenye hesabu yake ya siku za eda: arobaini zimepita, tisini zimebaki, na hizo, alhamdulillahi, hakuna Bunge lililoziwekea ukomo.